Mgeni Mdogo

Kila nyumba ina mlango, lakini si kila mlango una ukarimu. Mlango ni kazi ya seremala. Ukarimu ni kazi ya moyo. Seremala akimaliza kazi yake huchukua ujira akaenda zake, lakini kazi ya moyo haina mwisho, maana kila abishaye hodi huianzisha upya. Nataka, msomaji, tuzungumze juu ya nyumba iliyojengwa makusudi kwa ajili ya wageni, nayo ni hoteli. Na juu ya mgeni mmoja ambaye aghalabu husahauliwa humo, ingawa sauti yake husikika kuliko sauti za wote. Mgeni huyo ni mtoto mdogo.

Nasema waziwazi tangu mwanzo, ili usipate taabu ya kuitafuta nia yangu. Hoteli nyingi zinazojiita nyumba za familia hazimkaribishi mtoto, bali zinamtumia. Picha yake akicheka imebandikwa langoni. Tembo na twiga wamechorwa ukutani kwa ajili yake. Bembea imesimamishwa uani. Lakini akisha kuingia ndani, kitanda chake hakipo, chakula chake hakijapikwa, na kilio chake huhesabiwa kuwa kosa. Mtoto amefanywa chambo, na samaki anayevuliwa ni mfuko wa baba yake. Huu ni udanganyifu, na udanganyifu haugeuki kuwa adabu kwa sababu umevaa sare safi.

Neno hili sikulipata kwa kusikia. Mwezi wa Desemba mwaka 2018 nilisafiri kutoka Nairobi kwenda Mombasa pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka 4, na mdogo miezi 14. Tuliondoka alfajiri kwa basi. Safari ya kilomita 480 hivi ni ndefu kwa mtu mzima. Kwa mtoto aliyepakatwa kutwa nzima ni kama kifungo. Saa kumi na moja za jioni tulifika katika hoteli moja ya ufukweni, ambayo tangazo lake lilitupendeza kwa neno moja tu: familia.

Mpokezi wa wageni hakututazama mpaka alipokwisha kuandika alichokuwa akiandika. Kisha aliuliza mambo matatu: jina, kitambulisho na malipo. Alipomwona mtoto mdogo alitaja bei ya kitanda chake. Tulilipa. Chumbani kitanda hicho hakikuwako. Tuliambiwa kuwa vyote vilikuwa vimechukuliwa na wageni wengine. Kitanda hakikuja, na fedha hazikurudi. Nilikwenda jikoni kuomba uji, au walau kikombe cha maziwa ya moto, nikajibiwa, "Bwana, jiko hufunguliwa saa moja na nusu." Ilipotimia saa moja na nusu, meza ilikuwa imepambwa kwa samaki wa pilipili, nyama za kuchoma, na keki za rangi tatu. Uji haukuwako. Mtoto wetu alikuwa amekwisha lala kwa njaa na machozi, na chandarua kilichokatwa kwa kipimo cha kitanda kimoja hakikufika penye godoro tulilomtandikia sakafuni. Usiku ule mimi na mama yake tulimfukuzia mbu kwa zamu, silaha yetu ikiwa gazeti lililokunjwa.

Asubuhi tulihama. Rafiki mmoja alituelekeza katika nyumba ndogo ya wageni iliyoko Mji wa Kale. Haikuwa na bwawa wala bembea, wala picha ya mnyama hata mmoja. Mwenye nyumba, bibi wa makamo, alikuwa ameketi barazani akichambua mchele. Kabla ya jina, kabla ya kitambulisho, kabla ya malipo, alimtazama mtoto aliyelala begani kwa mke wangu, akasema, "Karibu, mwanangu. Mtoto amekula?"

Msomaji, nimesoma matangazo mengi ya hoteli tangu siku ile, lakini sijaona moja lenye thamani ya maneno yale mawili: mtoto amekula? Swali hilo ndilo mizani yangu, na kwa mizani hiyo napenda nipime kila hoteli inayodai kuwa rafiki wa familia.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kuwa mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Ana saa zake, na saa hizo hazibadiliki kwa amri ya meneja. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa mwaka 1 au 2 apate usingizi wa saa 11 hadi 14 kila siku, pamoja na ule wa mchana. Na mtoto wa miaka 3 au 4 apate saa 10 hadi 13. Fanya hesabu wewe mwenyewe. Mtoto anayeamka kulipopambazuka hana budi awe kitandani saa moja au saa mbili za usiku. Basi hoteli inayoandaa chakula cha jioni saa moja na nusu imemwalika mtoto karamuni katika saa yake ya kulala. Akilia mezani husemwa kuwa hana adabu. Aliyekosa adabu ni saa ya ukutani, siyo yeye.

Tumbo la mtoto nalo ni dogo. Hujaa upesi na kuwa tupu upesi. Yule aliyetimiza miezi 9 na ambaye hajafikisha miaka 2 huhitaji kulishwa mara 3 au 4 kwa siku, mbali na maziwa ya mama yake na kitafunio kidogo baina ya mlo na mlo. Hoteli yenye nia njema haihitaji kumleta mpishi kutoka Ufaransa kwa kazi hiyo. Uji wa wimbi, ndizi iliyopondwa, wali laini, maharagwe yasiyotiwa pilipili, maziwa yaliyochemshwa: vitu hivi vimo katika kila soko la nchi yetu, kutoka Kisumu hadi Lamu. Kinachokosekana si chakula. Kinachokosekana ni mtu wa kukumbuka.

Jambo la pili ni usalama, na hapa sizungumzi tena juu ya raha bali juu ya uhai. Mtoto mdogo hupima dunia kwa mikono na kichwa chake. Nafasi baina ya fito za kitanda chake isizidi sentimita 6, ili mwili usipenye na kichwa kikabaki. Nafasi baina ya nondo za roshani isizidi sentimita 10, na pasiwekwe kiti wala meza karibu na kizuizi hicho, maana kwa mtoto kila kiti ni ngazi. Maji ya bomba yenye moto wa nyuzi 60 za Selsiasi huweza kuunguza ngozi yake kwa muda wa sekunde chache, lakini ziko hoteli zinazojivunia maji hayo kana kwamba zinapika mayai. Katika pwani yetu na kandokando ya Ziwa Viktoria, chandarua si pambo la kitanda. Takriban robo tatu ya watu wanaouawa na malaria barani Afrika ni watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Hoteli inayomtoza mtoto bei ya kitanda ikamnyima chandarua imemuuzia hatari kwa fedha ya baba yake mwenyewe.

Kisha liko bwawa la kuogelea. Watu hudhani kuwa anayezama hupiga kelele. Sivyo. Mtoto huzama kimya, na kwa muda mfupi kuliko ule wa mzazi kutafuta taulo. Duniani kote watoto wa mwaka 1 hadi 4 wamo miongoni mwa watu wanaokufa maji kwa wingi zaidi. Dawa yake inajulikana: ua unaolizunguka bwawa pande zote nne, lango linalojifunga lenyewe, na mlinzi aliyefundishwa kuokoa. Badala ya hayo, pengi utakuta ubao ulioandikwa kuwa wazazi wawaangalie watoto wao. Neno hilo ni jema, nami siwaondolei wazazi wajibu wao. Lakini ubao haujui kuogelea.

Jambo la tatu ni mchezo. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na mwaka 1990 Kenya iliuridhia. Katika mkataba huo mchezo na mapumziko vimetajwa kuwa haki ya mtoto, siyo hisani. Hata hivyo, usifikiri kuwa mchezo ni mashine za bei kubwa. Mpe mtoto kivuli cha mwembe, mchanga safi, kopo na kijiti, naye atajenga mji kabla ya adhuhuri. Nimeona uwanja wa michezo wenye vyuma vya rangi vilivyochomwa na jua mpaka havigusiki, na watoto wote wamekusanyika pembeni wakicheza na mabua. Aliyeujenga aliwaza juu ya picha ya tangazo. Hakuwaza juu ya paja la mtoto.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mambo haya yote, kitanda, uji, ua na kivuli, ni matunda. Mti wenyewe ni tabia ya watu. Katika miji yetu neno hoteli hutajwa hata kwa kibanda cha mabati kinachouza chai na mandazi kando ya stendi ya basi. Ingia humo na mtoto uone. Mwenye kibanda hukutilia chai, kisha pasipo kuombwa huchukua kikombe cha mtoto, akaimimina chai kutoka kikombe hiki hadi kile mara nne, mara tano, mpaka ipoe. Hakusomea kazi hiyo popote. Hana kitabu cha sheria za wageni. Ana macho, nayo yameona kuwa mdomo ule ni mdogo na chai ile ni ya moto. Ikiwa mwenye kibanda anaweza, mwenye ghorofa kumi ana udhuru gani?

Wala ukarimu huu si jambo geni lililoletwa na watalii. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita pwani yetu mwaka 1331 akalala usiku mmoja Mombasa kabla ya kwenda Kilwa, alieleza desturi aliyoikuta Mogadishu. Jahazi lilipofika, vijana walilipokea kwa mashua ndogo, kila mmoja ana sahani ya chakula iliyofunikwa. Naye alimpa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kuwa yule ndiye mgeni wake. Tazama mpango huo: chakula kilitangulia, biashara ikafuata. Sisi wa leo tumeugeuza mpango. Biashara hutangulia, na chakula huambiwa kingoje saa moja na nusu.

Iko pia sababu nyingine inayotupasa sisi tuone aibu kuliko watu wengine. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, hoteli kubwa kadhaa za Nairobi zilimfungia Mwafrika mlango, na Mwasia vilevile, kwa sababu ya rangi. Ilipoanzishwa United Kenya Club mwaka 1946, mahali ambapo watu wa rangi zote waliweza kula meza moja, jambo hilo lilikuwa la kushangaza katika mji ule. Wazee wetu walijua uchungu wa kusimama langoni pa nyumba ya wageni na kuambiwa kwa macho, kabla ya maneno, kuwa humo hawatakiwi. Mama mwenye mtoto anayelia huambiwa jambo hilo leo kwa macho yaleyale. Sisemi kuwa makosa hayo mawili yana uzito mmoja, hayana. Nasema kuwa aliyewahi kufungiwa mlango ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuufungua.

Wako watu watakaonipinga, na ni haki wasikilizwe. Wa kwanza husema kuwa hoteli ni mahali pa kupumzika, na mtoto ni adui wa mapumziko. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima hataki kuamshwa na kilio cha mwana wa mwingine. Nakubali kuwa ana haki ya usingizi wake. Hoteli ikipenda kupokea watu wazima peke yao na iseme hivyo langoni. Sitailaumu, maana ukweli hata ukiwa mchungu ni heshima. Ninalolaumu ni ulimi wenye ncha mbili, unaomwita mtoto ndani na kumkemea akisha kuingia. Tena, hoteli yenye akili huweza kuwaridhisha wote wawili. Vyumba vya familia viwe upande mmoja, karibu na bustani. Chakula cha watoto kiandaliwe saa kumi na mbili. Watu wazima watakapoketi kula, watoto watakuwa wamelala. Utaona kuwa jambo lile linalomfaa mtoto ndilo linalomfaa na yule asiyempenda.

Wa pili husema habari za gharama. Huyu simwelewi. Kitanda kidogo hununuliwa mara moja kikatumika miaka. Fundi wa jua kali hukitengeneza vizuri kwa kipimo atakachopewa. Kilango cha kuzuia ngazi ni mbao chache na bawaba mbili. Uji ni unga na maji. Swali la kumwuliza mama kama mtoto amekula halina gharama hata senti moja. Hoteli inayonunua taa za vioo kwa ukumbi wake kisha ikalia umaskini mbele ya kikombe cha maziwa haikukosa fedha, imekosa haya.

Wa tatu husema kuwa wazazi wenyewe ndio waharibifu. Husema kuwa huwaacha watoto wakimbie baina ya meza zenye sufuria za moto, huku wao wameinamia simu zao. Kuwa humwacha mtoto amwage chakula na kutupa taulo bwawani, wakidhani malipo ya chumba yamenunua na adabu za wengine. Huyu amesema kweli, na wala simjibu kwa kumpinga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hoteli si mahali pa kupumzikia ulezi. Mgeni naye ana wajibu kwa mwenyeji. Lakini kosa la mzazi mmoja lisifanywe sheria ya kuwahukumu watoto wote, kama vile mlevi mmoja hafanyi wageni wote kuwa walevi.

Yapo mambo mawili ambayo sijasikia mtu akiyataja, nami siwezi kuyaacha. Familia nyingi za mijini husafiri pamoja na yaya. Mtazame huyo atakapofika hotelini. Kitanda chake hakikufikiriwa, kiti chake mezani hakikuhesabiwa, na aghalabu hulala sakafuni penye mlango wa choo. Mtoto anayaona hayo yote. Je, tunamfundisha nini juu ya heshima ya kazi na ya mtu? Jambo la pili ni watumishi wa hoteli wenyewe. Yule mwanamke anayetandika kitanda cha mwanao ana mwanawe pia, naye pengine amemwacha nyumbani akiwa bado ananyonya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewaagiza waajiri wa Kenya watenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamulia maziwa. Hoteli inayomchekea mtoto wa mgeni huku ikimzuia mtumishi wake kumnyonyesha mwanawe haipendi watoto. Inapenda fedha zinazofuatana nao.

Labda utasema, msomaji, kuwa wewe ni mwanafunzi, huna hoteli wala mtoto, na maneno haya yangefaa waambiwe wenye mali. La. Wenye mali wamekwisha zoea, na mazoea ni ugonjwa usioumiza mgonjwa. Wewe hujazoea bado. Miongoni mwenu watatoka wapishi, mafundi, wachora majumba na mameneja. Wengine wataingia Chuo cha Utalii kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975, wakajifunze namna ya kukunja leso na kumimina mvinyo. Wengine watatunga sheria, na hao wakumbuke kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imesema kuwa masilahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Katiba haikusema ila akiwa hotelini.

Tena karibu ninyi nyote mtakuwa wazazi. Mtafika siku moja mahali msipojulikana, jioni, mmechoka, mmebeba mtoto aliyelala na mizigo isiyobebeka. Siku hiyo hamtaitazama taa ya ukumbini wala picha ya twiga. Mtautazama uso wa mtu aliyeko mlangoni.

Basi ukiwa mgeni, ipime hoteli kwa mizani niliyokupa. Usiulize kwanza kama kuna bwawa. Uliza kama bwawa lina ua. Usiulize kama kuna karamu. Uliza kama jiko litafunguliwa mtoto akiumwa na njaa. Uliza kipimo cha chandarua. Ukijibiwa kwa dharau, ondoka na fedha zako, na uwaambie wenzako sababu. Lakini ukiwa mwenyeji, weka kalamu chini, inua macho, umtazame mgeni mdogo kabla ya mkubwa. Jina litaandikwa baadaye, na malipo hayatakimbia. Muulize mama yake kama mtoto amekula. Na kama hajala, nenda mwenyewe ukawashe jiko.